Nduma Ina Majina Mengi

Kwenye vibanda vya miche kando ya Ngong Road, Nairobi, kuna mmea ambao siku hizi haukosekani. Mabua yake ni manene na yamesimama wima, na majani yake ya kijani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Unaitwa ZZ. Muuzaji atakuapia kwamba haupendi jua kali, hautaki maji mengi, na kwamba unaweza kwenda ocha mwezi mzima na ukirudi utaukuta vilevile ulivyouacha. Muulize umetoka wapi, atakwambia Uholanzi. Bei nayo ni ya Uholanzi kweli: mara ya mwisho niliambiwa shilingi 1,500, na hapo nilikuwa nimeshabembeleza.

Muuzaji hadanganyi, ila anakupa nusu ya habari. ZZ ni mmea wa huku kwetu. Unaota wenyewe, bila kupandwa na mtu, kuanzia kusini-mashariki mwa Kenya, ukipita Tanzania na Zanzibar, hadi Afrika Kusini. Miaka ya 1990 ndipo wakulima wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi na kuuuza kila pembe ya dunia, hadi ukaturudia ukiwa na bei ya mgeni. Ukiung'oa chunguni utakuta chini yake viazi vigumu vya rangi ya kahawia, kama nduma changa. Humo ndimo unamoweka maji yake. Mvua ikikata, mmea unakula akiba na kungoja.

Si ajabu vinafanana na nduma. ZZ na nduma ni ukoo mmoja. Ndugu yao wa tatu ni kaladiamu, ile yenye majani ya umbo la moyo, yenye rangi ya waridi, nyekundu na nyeupe, utafikiri mtu ameanika leso chini ya mti. Hiyo asili yake ni Marekani ya Kusini, na nayo hutoka kwenye kiazi na hupenda kivuli. Huko Florida kuna mji mdogo unaoitwa Lake Placid ambao hujiita mji mkuu wa kaladiamu duniani, na kazi yake ni kulima viazi vya mmea ambao hakuna anayeula. Yaani shamba zima la viazi, na yote ni kwa ajili ya majani.

Nilianza kuifuatilia familia hii kwa sababu ya njaa ya kusoma tu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani, na tangu hapo nasoma chochote ninachopata bure. Nilidhani nitaandika makala fupi kuhusu mimea ya sebuleni. Badala yake nikajikuta nimerudi Makueni, kwa susu yangu, kwenye bonde lake la nduma.

Majina

Tuanze na majina, maana hapo ndipo mambo yanapochekesha.

Mwaka 1829, familia ya Loddiges, waliokuwa na bustani kubwa ya kibiashara pale Hackney, London, walichapisha picha ya mmea mgeni kwenye jarida lao. Waliuita Caladium zamiifolium. Mmea huo ndio ZZ yetu. Yaani ZZ ilipoandikwa mara ya kwanza kwenye vitabu vya sayansi, iliingizwa kwenye kundi la kaladiamu. Miaka 27 baadaye, mwaka 1856, Heinrich Wilhelm Schott, mkuu wa bustani za kifalme za Schönbrunn kule Vienna, aliona haifanani na kaladiamu kiasi hicho, akaipa jina lake yenyewe: Zamioculcas. Mwaka 1905 Adolf Engler wa Berlin akaunganisha jina la Schott na lile la Loddiges, na ndiyo tunayoandika leo: Zamioculcas zamiifolia. Ukichukua Z mbili za mwanzo unapata ZZ.

Sasa tazama majina yenyewe. Caladium limetoka kwenye neno la Kimalei, keladi. Keladi ni nduma. Zamioculcas ni maneno mawili yaliyobandikwa pamoja: Zamia, ambao ni mmea mwingine wenye majani yanayofanana na ya ZZ, na culcas, ambalo limetoka kwenye Kiarabu, qulqas. Qulqas nayo ni nduma. Hata Colocasia, jina la kisayansi la nduma yenyewe, lilipitia Kigiriki na ni jamaa wa hilohilo la Kiarabu.

Kwa hiyo wataalamu wa London na Vienna, pamoja na vioo vyao vya kukuzia vitu na Kilatini chao chote, walipokutana na mmea wasioujua walirudi kwa wakulima wa Asia na Misri kuazima neno. Jina la chakula cha watu likageuka kuwa jina la pambo. Hakuna mkulima aliyeulizwa, na hakuna aliyetajwa.

Sisi wenyewe tumeyachanganya zaidi. Tanzania wanasema majimbi au magimbi. Kenya tunasema nduma, halafu tukiongea Kiingereza tunaiita arrowroot, jina ambalo kwa haki ni la mmea mwingine kabisa wa Marekani ya joto. Ukienda dukani nje ya nchi ukaomba arrowroot utaletewa unga mweupe wa kuzitishia supu, na utashangaa nduma yako imekwenda wapi.

Kuna sababu mimea ya aina hii ilisafiri mapema na mbali. Mche wa kawaida ulikufa baharini: chumvi, jua, giza la ngama. Ni miaka hiyohiyo ya 1830 ndipo masanduku ya vioo ya daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, yalipoanza kubeba miche hai baharini, na Loddiges wakiwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyatumia. Lakini kiazi hakikuhitaji kioo. Kiazi kikilala, kimelala. Unakitia kwenye gunia kama mzigo wowote, kinavuka bahari, ukikifukia na kukipa maji kinaamka. Hivyo ndivyo nduma ilivyotoka Asia hadi Afrika zamani sana, kabla ya meli yoyote ya Mzungu kuonekana Mombasa.

Kitui, 1877

Mwanzoni mwa 1877 Mjerumani mmoja, Johann Maria Hildebrandt, aliondoka Mombasa na msafara wake kuelekea bara. Njia ilishajulikana. Wakamba walikuwa wameikanyaga kwa miaka mingi wakipeleka pembe za ndovu pwani, na mmisionari Krapf alikuwa ameifuata mwaka 1849 hadi Kitui kwa Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa Ukambani. Ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya kwa mbali.

Hildebrandt naye aliutaka mlima. Hakuufikia. Aliishia Kitui, akageuka. Lakini yeye kazi yake hasa haikuwa mlima. Alikuwa akikusanya mimea, anaikausha katikati ya karatasi, anaipa namba, anaandika mahali na mwezi, na kuisafirisha Berlin. Seti nyingine aliziuza kwa makumbusho mbalimbali, maana hiyo ndiyo iliyomlipia safari. Alifariki Antananarivo, Madagaska, mwaka 1881, akiwa na miaka 34.

Baadhi ya mimea aliyoichukua Kitui ilikuwa haijawahi kuandikwa na mwanasayansi. Mwaka 1882 mwenzake Vatke alitangaza mmoja wao na kuuita Ipomoea kituiensis, yaani Ipomoea wa Kitui. Ni kichaka chenye maua meupe yenye zambarau katikati, na ni wa kundi moja na kiazi kitamu. Mwingine wa kundi hilohilo Vatke aliuita Ipomoea hildebrandtii. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani mwingine, Georg Scheffler, alikusanya sana Kibwezi, na Kibwezi nayo ikapata mmea wake: Euphorbia kibwezensis, ambao siku hizi huhesabiwa kama aina ya Euphorbia bussei.

Nikisoma orodha hizi najivuna kidogo, siwezi kudanganya. Kitui imo kwenye Kilatini! Kibwezi imo! Halafu najiuliza swali dogo. Msafara wa mtu mmoja anayekausha majani hauendi wenyewe. Kuna aliyebeba karatasi. Kuna aliyekesha akizuia mvua isiziloweshe. Kuna mama au mtoto aliyeulizwa, "Huu mnauitaje?" akajibu, akaendelea na kazi yake. Mahali palipata jina, mkusanyaji akapata jina, aliyejibu hakupata. Na kwa Kikamba mmea ule ulikuwa na jina lake hata kabla ya Berlin kuusikia.

Ghala mbili

Majani ya Hildebrandt yalihifadhiwa Berlin kwa zaidi ya miaka 60. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, mabomu yaliangukia jengo la hifadhi ya mimea pale Dahlem na sehemu kubwa ikateketea. Mimea iliyobebwa kichwani kutoka Kitui hadi Mombasa, ikavuka bahari, ikapigwa mihuri, iligeuka majivu usiku mmoja. Zilizosalimika zaidi ni zile nakala alizokuwa ameziuza kwingine. Bahati nzuri ya mtu aliyekuwa na shida ya pesa.

Nilipofika hapo ndipo nikamkumbuka susu.

Susu yangu analima nduma Kilungu, kwenye bonde lililo chini ya boma lake. Watu wakisikia Makueni hufikiria vumbi la barabara kuu kule Emali na Makindu. Lakini milima ya Kilungu na Mbooni ni mbichi kuliko nyanda, na mabonde yake yana vijito ambako nduma hukaa miguu majini na kichwa kivulini. Kuvuna kwake ni hivi: anaing'oa, anakata kiazi, anabakisha kile kipande cha juu chenye mabua mafupi. Kiazi kinaenda sufuriani. Kipande cha juu kinarudi matopeni siku ileile. "Huku chini unakula, huku juu unapanda," aliniambia nikiwa mdogo, na mimi nikadhani ni maelezo tu ya kazi.

Ni maelezo ya kazi, lakini fikiria maana yake. Nduma hapa kwetu haipandwi kwa mbegu. Ile inayoota leo ni kipande cha ile ya mwaka jana, ambayo ni kipande cha ile ya mwaka juzi. Susu alipewa ya kwanza na mama mkwe wake alipoolewa. Mama mkwe naye alipewa na mwingine. Hakuna mahali uzi ulipokatika, kwa sababu ungekatika nduma isingekuwepo. Kwa hiyo ukisimama kwenye lile bonde unatazama mwili uleule ulioshikwa na wanawake ambao hawakuandikwa popote. Hifadhi ya Berlin ilikuwa na karatasi, namba na mlinzi, ikaungua. Hii ya Kilungu haina hata uzio, na bado ipo.

Na imepita mengi. Ukambani njaa hupewa jina kama mtu. Ile ya mwaka 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, kwa sababu ilienea kila mahali. Ya 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kilidondoshwa kutoka angani. Ya miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete: nakufa nimeshika, yaani pesa ninazo mkononi lakini hakuna cha kununua. Siwezi kusema nduma iliwaokoa watu wa nyanda. Kibwezi na Mutomo kukiwa kukavu kabisa, nduma haina la kufanya. Ninachosema ni kwamba kila njaa ilipoisha, kuna mtu aliyekuwa amebakisha kipande cha juu bila kukila. Ukiwa na njaa kweli, hicho si kitu kidogo.

Mchanga

Sasa hapa ndipo historia inapoacha kuwa ya zamani.

Nduma ya bondeni haiishi kwa mvua peke yake. Inaishi kwa maji yaliyo chini ya kijito. Mito mingi ya Kitui na Makueni ni ya msimu: mvua ikinyesha inakuja kwa kishindo, wiki mbili baadaye unaona mchanga mtupu. Lakini mchanga ule si mtupu. Ukichimba unakuta maji, kwa sababu nafasi zilizo kati ya punje huyashika na jua haliyafikii. Ndiyo maana kaunti hizi mbili zimejulikana duniani kwa mabwawa ya mchanga: unajenga ukuta wa zege kukatiza mto, mafuriko yanajaza mchanga nyuma yake, na zaidi ya robo ya ujazo wa mchanga ule inaweza kuwa maji. Mto umepewa kiazi. Unaweka akiba chini kama ZZ inavyoweka.

Shida ni kwamba mchanga huohuo ndio unaojenga maghorofa ya Nairobi. Kwa miaka mingi malori yameingia usiku kuzoa. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga, na kuna mito iliyopata nafuu. Lakini sheria ni karatasi, na lori ni lori. Mto ukizolewa mchanga, maji yanashuka, visima vya kando vinakauka, na bonde la nduma linakuwa shamba la mahindi yenye njaa. Msimu mmoja tu unatosha. Kiazi kinaweza kungoja, lakini nduma si ZZ. Ikikauka hadi moyoni imekwisha, na uzi wa miaka yote ile unakatikia hapo.

Mabonde mawili jirani ya susu yameshakuwa hivyo. Nilipomuuliza wenye mabonde yale hununua wapi nduma siku hizi, alicheka: "Sokoni, kama nyinyi wa Nairobi."

Kwa hiyo nikipita Ngong Road nikaona ZZ ya shilingi 1,500, simlaumu muuzaji wala mnunuzi. Mimi mwenyewe ninayo moja dirishani. Kinachoniuma ni kuona tunavyojua kumtunza huyu wa chunguni, tunampangusa vumbi na kumpiga picha za Instagram, huku binamu yake anayetulisha akikauka kimyakimya kilomita mia moja na kitu kutoka hapa, na tofali lililomkausha limo kwenye ukuta unaoshikilia dirisha.

Kama unataka kupanda

Si lazima uwe na bonde. Nimesaidia dada yangu kupanda Wote, chini ya mwembe, na Makueni miembe haihesabiki. Kaladiamu hupenda pale hasa: mwanga unaopenya majani, si jua la saa saba. Ngoja mvua za Oktoba, ambazo Ukambani ndizo za kuaminika zaidi. Changanya udongo na samadi iliyooza na mchanga kidogo, kiazi kifukie kiasi cha urefu wa vidole viwili ukitazamisha macho yake juu, na usiloweshe mpaka kiote, la sivyo kitaoza. Desemba utakuwa na rangi ambazo majirani watauliza umezinunua wapi.

Kiangazi kikishika, majani yatanyauka na kuanguka. Hapo ndipo wengi huzoa chungu na kutupa. Usitupe. Acha kumwagilia, kiweke kivulini pakavu, au kichimbue ukitunze kwenye mchanga mkavu. Kimelala tu. Mvua ijayo utakiona.

ZZ ni rahisi zaidi ila inataka subira: chukua jani moja, lichomeke udongoni, sahau. Baada ya miezi kadhaa kutakuwa na kiazi kidogo chini yake. Na wote watatu, pamoja na nduma mbichi, wana utomvu unaowasha mdomo na koo, kwa hiyo watoto na paka wakae mbali. Nduma peke yake ndiyo inayoliwa, tena ikiwa imeiva vizuri.

Nduma yenyewe inaota hata kwenye beseni lililopasuka, ikiwa na tope na kivuli. Ninayo moja hapa kwenye ngazi za ploti, imetoka Kilungu ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Ukienda nyumbani safari ijayo, omba kipande cha juu kutoka bondeni, kama bonde bado lipo. Kisha muulize aliyekupa: wewe ulipewa na nani? Atataja mtu. Muulize na huyo alipewa na nani. Pengine utafika majina mawili, pengine matatu, kisha atanyamaza. Yaandike yote kwenye karatasi pamoja na jina la kijito na mwezi, kama Hildebrandt alivyofanya, ila safari hii anza na jina la mwanamke.